Sikumbusu Mama Mkwe

Naanza na hilo kwa sababu najua habari imeshawafikia. Shemeji yangu, huyu anayesoma Leipzig, niliyemlisha ugali miaka miwili bila kumdai hata sumni, alirusha kile kivideo kwenye kundi la ukoo kabla treni haijavuka mpaka. Kutoka kundi la ukoo kikaingia kundi la Watanzania wa huku, kutoka huko sijui kilipanda basi gani, maana Jumapili asubuhi napigiwa simu na jamaa wa Tandika niliyemaliza naye darasa la saba, hatujasemeshana miaka, hata hali hanijulii: "Kaka, eti umembusu mkweo hadharani, Ulaya?"

Sikumbusu. Narudia kwa wale waliokaa nyuma: sikumbusu. Nilichofanya ni kibaya kuliko hicho, na ndiyo maana naandika mwenyewe, nikiwa nimejifungia bafuni na simu, kabla shemeji hajaongeza chumvi nyingine.

Kwa mliojiunga juzi. Mama mkwe alitua katikati ya Oktoba kuja kumwona mjukuu, viza ya siku 90. Nyumba yetu hapa Dresden ni chumba na sebule. Chumbani analala mama, mke wangu na Neema. Mimi nalala kwenye kochi. Kochi lenyewe ni la watu wawili waliokaa, na mimi ni mtu mmoja wa futi sita. Hesabu hiyo malizeni wenyewe. Sijalalamika. Baba yangu alinilea Temeke lakini kwa sheria za kwao Songea: mkwe humtazami usoni, hukai naye benchi moja, na mkikutana kwenye njia nyembamba wewe ndiye unayeingia majanini. Sasa fikiria miezi miwili unaingia majanini ndani ya sebule.

Na mama mwenyewe hana baya, lazima niseme. Ni mtu wa Lushoto. Nilipomfuata uwanja wa ndege na mablanketi mawili, nikidhani namwokoa, alivuta hewa ya nje akasema, "Ahaa, Julai ya kwetu," akatembea hadi kwenye gari amefungua vifungo. Mgonjwa wa baridi ndani ya nyumba ile ni mimi.

Mambo mawili myashike, maana bila hayo mtaniona mwendawazimu.

La kwanza, makoti. Mke wangu alikuta makoti ya baridi dukani, ukinunua mawili la pili nusu bei. Akachukua mawili: meusi, marefu hadi magotini, kofia ya nyuma yenye manyoya ya bandia. Saizi moja, kwa sababu mtu na mama yake ni saizi moja. Ukiwaona kwa nyuma wamevaa kofia ni vitumbua viwili vya kikaango kimoja.

La pili, kanga. Mama hatoki nje bila kanga. Koti analivaa, halafu kanga anaifunga juu ya koti, kiunoni, rangi nyekundu na njano, unaiona kutoka kituo cha tramu cha pili. Kwa hiyo mimi sikuhangaika kamwe na suala la makoti kufanana. Mwenye kanga ni mama, asiye na kanga ni mke. Mfumo ulifanya kazi miezi miwili bila hitilafu.

Jumamosi tukaenda Praha. Aliyetaka ni mama. Alisema hakupanda ndege kutoka Dar kuja kuangalia kipasha joto chetu. Kutoka hapa ni kama saa mbili na nusu kwa treni, unafuata mto Elbe kwa chini ya majabali, ukishaingia Cheki mto uleule unaitwa Labe. Mama alibeba mfuko wa mayai ya kuchemsha, chumvi ya pilipili kwenye karatasi, na chupa ya chai. Kabla hatujatoka kwenye steshoni ya Dresden tulikuwa tumekula sita. Mayai, siyo chai.

Sitawachosha na asubuhi. Tulipanda tramu namba 22 hadi ngomeni, tukawahi mabadiliko ya walinzi saa sita mchana. Mama alimwendea mlinzi kwenye kibanda chake, kijana amesimama kama msumari, akamwambia, "Hujambo mwanangu?" Kimya. Akarudia. Kimya. Akatugeukia: "Hawa wana nini? Hata kuitikia tu?" Tukamweleza ni kazi, hawaruhusiwi. Akasema hata askari magereza wa kwao wanaitikia.

Kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Vitus shemeji alisoma kwenye simu kwamba msingi uliwekwa mwaka 1344 na jengo likaja kukamilika 1929. Mama ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa kanisa lao. Alisimama pale, shingo juu, midomo inacheza, nikajua anapiga hesabu. "Miaka 585," akasema. Halafu, taratibu: "Na sisi wanatusema kwa ishirini tu." Aliomba apigwe picha mbele ya mlango, akaituma palepale kwa mwenyekiti wa kamati. Bila maelezo.

Kisha choo. Hapa ndipo moyo wangu ulipoanza kufanya uchungu kidogo, nakiri. Vyoo vya mjini ni vya kulipia, na koruna moja ni kama shilingi mia na kitu. Mama kila akilipa anazidisha. Anazidisha kwa sauti. "Elfu mbili! Elfu mbili na ushee, haja ndogo!" Halafu ukimwambia basi tusinunue chai nyingine ili choo kipungue, anakuangalia kama mlinzi yule wa ngomeni.

Tukateremka mtaa wa Nerudova, mawe yamepata barafu, mimi nimeshika ukuta, mama anateremka mikono nyuma kama anakwenda gulioni. Tukavuka Daraja la Charles, lile la mwaka 1357 lenye sanamu 30. Shemeji akasoma tena: kuna hadithi kwamba mafundi walichanganya mayai kwenye chokaa ili daraja liwe imara, vijiji vikaagizwa vilete mayai, na watu wa mji wa Velvary wakaleta ya kuchemsha, yasivunjike njiani. Sisi wote tukacheka. Mama hakucheka. "Waliochemsha ndio wenye akili," akasema. "Yai bichi unalisafirishaje kwenye barabara mbovu?" Akafungua mfuko, akatugawia.

Pale darajani kuna sanamu ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, aliyetupwa mtoni mwaka 1393. Chini yake kuna picha ya shaba, watu wanaipapasa kutafuta bahati mpaka imeng'aa kama sufuria ya harusi. Mama, Mlutheri kindakindaki, alipita upande wa pili. Mimi nilivua glavu, nikaipapasa. Niliomba kitu kimoja tu. Niliomba kitanda changu. Nyie mnaocheka, hamjalalia kochi.

Sasa uwanja wa Mji Mkongwe. Desemba pana soko la Krismasi, mti mkubwa umewashwa taa, watu wamebanana kama Kariakoo usiku wa kuamkia Idi, ila wote wamevaa nguo nyeusi. Kitimoto kinazunguka juu ya moto, paja zima, harufu inakuvuta pua. Mama akasogea, akamwonyesha muuzaji kwa kidole. Muuzaji akakata kipande. Mama akamwashiria kwa mkono: ongeza baba, ongeza. Akaongeza. Hongera kwa lugha ya ishara. Ile bei kubwa iliyoandikwa kwenye ubao, kwa maandishi madogo chini yake, ilikuwa ya gramu 100. Sitataja nilicholipa. Niseme tu kwamba mama alipozidisha ile, alizidisha kimoyomoyo, na alikula akiwa ameinamisha kichwa.

Kwa hiyo ilipokaribia saa kumi jioni mimi nilikuwa mtu mwenye mambo kifuani.

Kwenye ukuta wa jumba la zamani la mji kuna saa inayoitwa Orloj. Ni ya mwaka 1410. Kila saa ikitimia inafanya maonyesho, na watu wanaanza kujipanga chini yake dakika kumi kabla, vichwa juu, kama vifaranga wanaosubiri mama yao. Uso wake una duara la buluu lililogawa mchana mafungu kumi na mawili, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama. Yaani jua likitoka ni mwanzo wa saa ya kwanza, likizama ni kumi na mbili. Saa ya Kiswahili, jamani, ukutani kwa Wacheki! Mama alifurahi mno. Na kwa kuwa Desemba kule jua linazama kama saa kumi hivi, mshale wenye jua ulikuwa umefika ukingoni: magharibi. "Saa kumi, magharibi," mama akasema, akatikisa kichwa. "Watoto wa huku wanachezaje?"

Naeleza haya yote ili mwelewe kwamba giza lilikuwa linaingia. Ni muhimu kwa utetezi wangu.

Upepo ukaja. Neema amelala kwenye kigari chake. Mimi nikasogea mbele nitafute nafasi nzuri, dakika mbili hivi. Katika dakika hizo mbili, nyuma yangu, bila kunitaarifu, bila kikao, mama alifungua kanga yake kiunoni akampa mke wangu amfunike mtoto miguu. Wote wakavaa kofia za makoti. Mke wangu akasukuma kigari pembeni kwenye ukuta kukwepa upepo. Mama akasogea mbele aone saa.

Nikageuka. Koti jeusi. Kofia yenye manyoya. Skafu hadi puani. Kanga hamna.

Mfumo ukaniambia: mke.

Nikamsogelea, tukasimama bega kwa bega, wote tunatazama juu. Mkono wake hauna glavu. Nikauchukua. Nikauingiza mfukoni mwa koti langu pamoja na wangu. Halafu nikaubinya mara tatu. Hiyo ni alama yetu ya tangu uchumba, tangu tunapanda daladala za Mbagala tumebanwa hatuwezi kuongea. Niliona kiganja kimekuwa kigumu kidogo. Nikasema moyoni, maskini, baridi imemkausha mke wangu, Jumatatu nitamnunulia mafuta ya mgando. Jumatatu ndiyo leo. Hakuna aliyenunua chochote.

Mkono haukuvutwa. Kumbukeni hilo. Baadaye mama alieleza, na hapa ndipo ninapokufa kila nikikumbuka, kwamba alidhani namwogopea asipotee kwenye umati ule. Alifurahi. Alisema kimoyomoyo, huyu kijana ana adabu.

Saa kumi kamili. Pembeni mwa ile saa kuna sanamu ya kiunzi cha mifupa, ndiyo Kifo chenyewe. Kikavuta kamba, kengele ndogo ikaanza kulia, mkono wa pili kikapindua saa ya mchanga. Kando yake Mturuki anatikisa kichwa: bado, sitaki. Upande wa pili kuna bahili anatingisha mfuko wa hela, na mwenye majivuno anajitazama kwenye kioo. Juu vidirisha viwili vikafunguka, mitume wakaanza kupita mmoja mmoja, wanachungulia chini. Umati mzima: "Aaaah." Simu zote hewani, na ya shemeji ikiwa mojawapo, mita mbili nyuma yangu kwa upande.

Nami nikaona hii ndiyo nafasi. Kelele ya kengele, giza, mke wangu karibu, hakuna mama wa kusikia. Nikainamisha mdomo hadi kwenye manyoya ya kofia.

"Mama Neema," nikanong'ona, "hili kochi limenivunja mgongo. Kitanda chetu nimesahau hata kimeelekea upande gani."

"Mmh," ikajibu kofia.

Mmh ya mtu na mama yake ni moja. Mungu aliwaumbia koo moja na akaona inatosha.

Mtume akapita mwenye funguo. Nikaendelea.

"Hivi viza ya mama inaisha lini kwani?"

"Mmh."

Ningeishia hapo. Ndugu zangu, ningeishia hapo tu, leo ningekuwa naongelewa kwa mambo ya kawaida. Lakini nilikuwa nimepata utani, na mtu akishapata utani hawezi kuumeza. Nilianza kucheka kabla sijausema. Kwenye video mabega yanaonekana yanacheza.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikamwambia. "Huyu ni mwezi wa pili, mke wangu. Jembe liko wapi?"

Nikaubinya mkono mara tatu tena, kwa kujipongeza.

Vidirisha vikafungwa. Juu kabisa kuna jogoo wa dhahabu. Jogoo akawika. Mtumishi wa Bwana Petro alililia pembeni peke yake. Mimi nilikuwa na mashahidi wa mataifa yote.

Maana baada ya jogoo pana utulivu kidogo, sekunde moja na nusu, kabla kengele kubwa haijapiga saa. Ndani ya utulivu huo, kutoka ndani ya ile kofia, ikatoka sauti ambayo kila Jumapili inasoma matangazo ya mapato na matumizi huko Lushoto:

"Tarehe kumi na moja Januari, baba."

Sikugeuka. Shingo ilikataa. Nilibaki nimemtazama yule jogoo.

"Na jembe," ikaendelea, bila hasira hata kidogo, na afadhali ingekuwa na hasira, "mtanionyesha lilipo. Hapa kwenu sijaona shamba."

Ngo. Kengele ya kwanza.

Shemeji alikuwa ametusomea kwamba fundi wa ile saa, aliyeitwa Hanuš, alitobolewa macho na wakuu wa mji asiende kuitengenezea miji mingine. Ni hadithi tu. Walioiunda kweli ni Mikuláš wa Kadaň na msomi Jan Šindel, na hatukuambiwa kama macho yao yaliguswa. Lakini pale niliwatamani wale wakuu. Wangekuja tu na vifaa vyao. Ningewaelekeza waanze na ulimi.

Ngo. Ya pili. Kwa jicho la pembeni nikamwona mke wangu, kule ukutani, mdomo wazi, ameshika kigari. Kanga imetandazwa juu ya miguu ya Neema, na upepo umeinua pindo lake, maandishi yamenitazama wima. Miezi miwili naiona kanga ile sijawahi kuisoma. UMDHANIAYE NDIYE, SIYE. Sitanii. Picha ipo, wanaoitaka wamwombe shemeji, naona ndiye idara ya habari.

Sasa, mtu mwenye akili angeuachia mkono. Niliuachia! Niliuachia mara ya kwanza niliposikia "tarehe". Mkono ndio haukuniachia mimi. Mama anavaa saa ya mkanda wa chuma, ya marehemu mzee, na mfuko wangu wa koti bitana lake lilikuwa limechanika tangu mwaka jana. Mkanda ukaingia kwenye bitana, nyuzi zikaukamata. Alipovuta, koti langu lote likaenda naye. Nilipovuta, yeye akaja kwangu. Saa ya mnara imemaliza kazi yake, sasa saa ya mama inafanya maonyesho.

Tukavutana. Polepole, kwa heshima. "Subiri mama." "Subiri baba." "Zungusha huku." "Ngoja, inabana." Tumegeukiana sasa, uso kwa uso, mkwe na mkwe, mkono wake umezama mfukoni mwangu hadi kiwiko, pua zetu zinatoa mvuke mmoja. Hapo ndipo shemeji alipoikata picha iliyowatoa nyie kwenye kazi zenu. Ndiyo hiyo "busu". Tulikuwa tunatafuta uzi!

Na mjue kwamba chini ya ile saa kila mtu anaonywa juu ya wezi wa mifukoni. Watu wametazama juu, wezi wanafanya kazi chini, ndivyo inavyosemwa. Kwa hiyo bibi mmoja wa Kicheki, mwenye kofia ya sufi, anageuka anaona nini? Mkono wa mtu ndani ya mfuko wa mtu mwingine, na mwenye mfuko anahangaika. Akapiga kelele: "Pozor! Pozor!" Yaani angalieni, jihadharini. Vichwa vyote vilivyokuwa juu vikashuka. Kumbe tulikuwa na wasikilizaji wengi kuliko mitume. Mwanaume mmoja mkubwa akamshika mama mkono wa pili.

Mama mkwe. Mweka hazina. Anashikwa kama kibaka.

Ikabidi nimtetee, na Kicheki sijui hata neno, nikapaza sauti kwa Kijerumani, kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu: "Huyu ni mama mkwe wangu!"

Nilidhani hawataelewa. Pale uwanjani Jumamosi ya Desemba nusu ya watu wametoka Ujerumani. Walielewa wote. Kilipita kimya kifupi, wakitutazama tulivyokaribiana, wakiutazama ule mkono, halafu kicheko kikaanzia mbele kikaenda mpaka kwenye mti wa Krismasi. Kuna mzee alipiga makofi.

Mke wangu akafika. Hakuuliza naendeleaje. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya chini ile ambayo wenye ndoa mnaijua:

"Mkono wa mama unafanya nini mfukoni mwako?"

Jibu la swali hilo halipo. Nimelitafuta siku tatu.

Alitoa kikatia kucha cha Neema kwenye mkoba wa nepi, akapiga magoti kwenye theluji, akaanza kukata bitana uzi mmoja mmoja. Ilichukua muda. Mama hakusema neno, alikuwa anatazama juu ya kichwa changu kwenye ile saa. Katikati ya kazi, ili kuniondolea aibu nadhani, akasema, "Mkono wako una joto, baba." Nikamjibu, Mungu nisamehe, "Ahsante mama, shikamoo."

Marahaba, akaitikia. Tofauti na mlinzi.

Yaliyofuata nayakimbiza. Tuliondoka. Hakuna aliyetaka chai wala choo. Kwenye treni nilikaa behewa la pili, nikasema nasikia kizunguzungu. Tulipopita Děčín simu ikaanza kutetemeka, ilipofika Bad Schandau ilikuwa haijaacha. Baba mkubwa wa Songea ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne; kwa kifupi ni mbuzi mmoja, kitenge doti mbili, na nisimwonyeshe uso mpaka hivyo vimefika. Watu wa Lushoto wao wamenipa jina jipya, wananiita Jembe. Mke wangu anaongea nami kupitia Neema, na Neema ana miezi kumi na moja.

Usiku ule tulipofika nyumbani mama alibeba mto wake, akaweka blanketi kwenye kochi, akalala. "Nendeni chumbani kwenu, wanangu," akasema. Kwa hiyo Mtakatifu Yohane wa Nepomuk alisikia ombi langu, kitanda nilipewa. Nilisimama mlangoni nikakitazama. Nikaenda kulala jikoni, kwenye godoro dogo la kuchezea la Neema, miguu imeingia chini ya meza.

Ndipo nilipokuwa alfajiri ya leo. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na jengo letu wapangaji tunapeana zamu ya kuiondoa kwenye njia ya mbele kabla saa moja asubuhi. Wiki hii zamu ni yetu. Nilizinduka saa kumi na mbili na nusu, nimechelewa, nikasikia huko nje: kwaruu, kwaruu. Nikachungulia dirishani. Koti jeusi, kofia ya manyoya, na kanga kiunoni imefungwa fundo la kazi. Njia yote nyeupe imefagiliwa hadi kwenye lami, mpaka mbele ya mlango wa jirani ambaye si zamu yake, na yule jirani, mama wa Kijerumani ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu tangu tuhamie, amesimama pale na kikombe cha kahawa anampelekea mama.

Nikafungua dirisha. Mama akainua uso, mashavu mekundu, ameshika koleo la theluji kwa mikono miwili kama mtu aliyefika mwisho wa tuta.

"Baba Jembe," akaita, jengo zima linasikia. "Nimeliona. Lilikuwa chini ya ngazi."